Kihisi cha sumukuvu chenye tundu la molekuli: kabla hujaamini grafu yako, osha elektrodi zote mbili

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu. Mwezi huu nimeona vijana watatu humu wakiulizia MIP (polima yenye chapa ya molekuli, naieleza hapo chini) kama mada ya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimekaa na kazi hiyo miaka miwili, na kuna mambo ambayo ningeambiwa mapema yangeniokolea miezi. Nayaandika yote hapa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke hadi sehemu ya kuosha elektrodi.

Kwanza maneno. Nasema kihisi, yaani kifaa cha kutambua na kupima kitu, na sio sensa, maana sensa kwetu ni ya watu na makazi. Sumukuvu ni jina la sumu zote za kuvu, ila humu nitalitumia kwa aflatoksini peke yake, ile inayopatikana kwenye mahindi. MIP ni polima yenye chapa ya molekuli. Mtu anayetaka kuchongesha ufunguo wa pili kwa siri huubonyeza ule wa kwanza kwenye kipande cha sabuni, akauondoa, alama ikabaki. Hapa ufunguo ni molekuli, na sabuni ni plastiki inayoota kuizunguka. Unachanganya molekuli unayoitafuta, tunaiita kiolezo, na monoma, yaani vipande vidogo vya kujengea polima. Monoma zinajipanga kando ya kiolezo zikikishika kwa vifungo hafifu vya haidrojeni. Ukiziunganisha zikawa polima, kisha ukakiosha kiolezo kikatoka, yanabaki matundu yenye umbo lake, na ndani yake vishikio vimekaa palepale vilipokuwa. Molekuli ileile ikipita tena inaingia na kutulia.

Wazo lina umri. Emil Fischer alieleza vimeng'enya, protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kwa mfano wa kufuli na ufunguo mwaka 1894. Günter Wulff wa Ujerumani alitengeneza polima za namna hii 1972. Klaus Mosbach na wenzake kule Lund, Sweden, walikuja 1981 na njia nyepesi ya vifungo hafifu, na 1993 wakaonyesha kwenye jarida la Nature kwamba polima inaweza kupima dawa za theofilini na diazepamu kwenye majimaji ya damu badala ya kingamwili, zile protini ambazo mwili huzitumia kushika vitu vigeni. Hapo ndipo watu wengi walipogeuza shingo.

Kwa nini mimi nilichagua sumukuvu? Natoka Kiteto. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyolima wenyewe, na wilaya yetu ilikuwemo. Wagonjwa walikuwa na macho ya njano na matumbo yaliyojaa maji, na mwanzoni wengi hawakudhani ni chakula. Mahindi yale hayakuwa machungu wala hayakunuka. Tangu hapo nataka kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi pale ghalani.

Sasa kazi yenyewe. Elektrodi yangu ni kijiti chenye uso wa kaboni ya kioo, duara la milimita 3, kama kichwa cha msumari mdogo. Unaugeuzia kwenye kitambaa chenye uji wa unga wa alumina wa mikroni 0.05 na kuusugua kwa kuchora nane, nane juu ya nane, mpaka taa ya dari ionekane juu yake bila ukungu. Anayelipua hapa, utando wake wa polima hautakaa sawa hata afanyeje huko mbele.

Kisha unaitumbukiza kwenye mchanganyiko wa orto-fenilinidiamini na kiolezo, ndani ya bafa (kimiminika kinachozuia pH isiyumbe) ya asetati ya pH 5.2. Orto-fenilinidiamini ipime siku hiyohiyo, kwa sababu ikikaa hewani inageuka kahawia. Potensiostati, mashine inayoamuru volti na kusoma mkondo, inapandisha volti kutoka 0 hadi 0.8 na kuirudisha. Mzunguko wa kwanza, kwenye skrini kinainuka kilima kikubwa. Wa pili kilima kimepungua sana. Kufikia wa ishirini ni kama mstari uliolala. Polima imeshaufunika uso, na kwa kuwa haipitishi umeme inajizuia yenyewe isinenepe, ikabaki utando wa nanomita chache. Malitesta, Losito na Zambonin wa Italia walitumia polima hii mwaka 1999 kuchapa glukosi, na wengi tumefuata nyayo zao.

Unaosha kiolezo kwa methanoli na asidi asetiki, tisa kwa moja. Halafu unapima. Aflatoksini yenyewe si nyepesi kubadilishana elektroni na kaboni, kwa hiyo tunatumia mjumbe anayebadilishana kwa urahisi, ferisayanidi. Mjumbe akipata njia kupitia matundu, anafika kwenye kaboni na mkondo unapanda. Matundu yakijaa sumu, njia inaziba na mkondo unashuka. Tunasoma huo mshuko.

Kuosha elektrodi. Vijana, hapa naomba mtulie. Kila MIP lazima iwe na pacha wake, polima isiyo na chapa, iliyotengenezwa kila kitu sawa ila bila kiolezo. Watu humwita NIP. Pacha huyu hana matundu, kwa hiyo hatakiwi kuishika sumu kwa namna ile. Miezi minne ya kwanza grafu zangu zilikuwa nzuri mno. MIP ikioshwa mkondo ulirudi juu, ikiwekewa sumu ulishuka. NIP ilikaa kimya kabisa. Nilishaanza kuandika makala.

Siku moja niliiosha NIP pia, dakika zilezile, kimiminika kilekile. Mkondo wake nao ukapanda, karibu sawa na wa MIP. Nilikaa na skrini ile mpaka walinzi wakaja kufunga jengo. Kumbe methanoli na asidi vilikuwa vinapasua utando. Yale niliyoyaita matundu, sehemu kubwa ilikuwa nyufa, na mjumbe anapita kwenye ufa kama anavyopita kwenye tundu. Pacha wangu alikuwa kimya kwa sababu sikuwahi kumtendea ninavyomtendea mwenzake.

Nilifuta data ya miezi minne. Nilipunguza asidi, nikafupisha muda wa kuosha, na nikaanza kuzipitisha elektrodi zote mbili hatua zote bila kubakisha hata moja. Tofauti kati ya MIP na NIP ikawa zaidi kidogo ya mara mbili. Si ya kujisifia, lakini ni ya kweli. Nimeshasoma makala nyingi ambazo NIP yake haielezwi kama ilioshwa. Mkikutana nayo, ulizeni kwanza hilo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau, mwalimu wa kemia sekondari

Mkuu, umeeleza vizuri sana, nimeelewa hata sehemu ya mjumbe. Swali langu: wagonjwa wa kisukari wana kijitepe cha kupimia sukari, tone la damu, sekunde chache, jibu. Nacho si kinatumia umeme? Kwa nini sumukuvu isipimwe vilevile?

#3 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Swali lako ndilo kiini. Ndiyo, kijitepe cha sukari ni kihisi cha kielektrokemia, na ndicho kilichofanikiwa kuliko vyote. Lakini tuhesabu.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni ppb 5 kwa aflatoksini B1, na ppb 10 kwa aflatoksini zote kwa jumla. Ppb ni mikrogramu kwa kilo. Chukua unga wenye B1 ya ppb 5: kila gramu ina nanogramu 5. Unaukamua kwa methanoli na maji, gramu moja kwa mililita 5, unapata nanogramu 1 kwa mililita. Methanoli nyingi inaharibu kihisi, kwa hiyo unapunguza ukali mara kumi kwa bafa. Umebaki na nanogramu 0.1 kwa mililita. Uzito wa molekuli ya B1 ni 312, kwa hiyo hiyo ni kama nanomola 0.32 kwa lita.

Sukari kwenye damu ya mtu mzima asiye na kisukari ni kama milimola 5 kwa lita. Gawanya: ni zaidi ya mara milioni 15. Isitoshe, kijitepe cha sukari kina kimeng'enya, na kimeng'enya kinageuza molekuli moja baada ya nyingine, kazi haiishi. Tundu la MIP likishashika molekuli moja limeshiba.

Ndiyo maana MIP zinang'ara zaidi palipo na wingi. Mwaka 2022 kundi la Wei Gao pale Caltech, Marekani, lilionyesha kihisi cha kuvaa kinachopima asidi amino na vitamini kwenye jasho kwa MIP juu ya grafini (tabaka jembamba sana la kaboni), na kinajisafisha chenyewe kwa kupewa volti. Ni kazi nzuri sana, naipenda. Ila asidi amino kwenye jasho ni za mikromola, maelfu ya mara juu ya sumu yangu, na jasho halina mafuta ya mahindi.

#4 Mdau, Nairobi

Asante ndugu kwa uzi huu. Mimi niko kwenye maabara ya vyakula. Wakati wa mkasa wa 2004 hapa Kenya, wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wao Makueni na Kitui, nilikuwa mwanafunzi, na ndio ulionileta kwenye fani hii. Nikuulize bila kukuvunja moyo. Vijitepe vya kingamwili vya aflatoksini vipo sokoni, vinasomeka kwa dakika chache, na tunavitumia. MIP inaongeza nini?

#5 Mleta uzi

Ndugu, hilo ndilo swali ambalo kila mwenye MIP anatakiwa kulijibu kabla hajaomba fedha za utafiti.

Kingamwili ni protini. Vifaa vingi vya ELISA, vipimo vya maabara vinavyotumia kingamwili, vinataka nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka mezani kwako. Vijitepe vingine vinavumilia joto la chumba, lakini chumba cha mwandishi wa maelekezo si ghala la bati la Oktoba. Polima haijali. Elektrodi zangu zimekaa kwenye droo wiki sita bila friji na zimesoma vilevile. Pia kingamwili inahitaji mnyama au seli za kukuzwa, na kuagizwa mbali. MIP ya elektrodi naifanya mwenyewe chini ya saa moja kwa kemikali za kawaida.

Kwa upande wa pili, kingamwili nzuri inashika kwa nguvu na kwa uchaguzi kuliko MIP yangu, kwa mbali. Matundu ya MIP hayafanani: machache mazuri, mengi nusunusu. Nikitakiwa kuchagua leo cha kupeleka ghalani, nachukua kijitepe chako. Mahali ambapo MIP imeshaingia sokoni kwa uhakika ni kwenye vichungi vya kusafishia sampuli kabla ya kromatografia (njia ya maabara ya kutenganisha na kupima vilivyomo kwenye sampuli), na nadhani hata kwa sumukuvu njia yetu ya kwanza itapitia huko.

#6 Mdau, mwanafunzi

Shikamoo kaka. Nina maswali mawili. Kwanza, unatumia aflatoksini yenyewe kama kiolezo? Msimamizi wangu anasema ni ghali na ni hatari. Pili, chuoni potensiostati ni moja na foleni ni ndefu.

#7 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Msimamizi wako yuko sahihi mara mbili, na kuna sababu ya tatu. Aflatoksini B1 inasababisha saratani ya ini kwa binadamu, hilo limethibitika, haichezewi. Glovu kila wakati, usishike unga wake mkavu kabisa, na vyombo vyote viloweke kwenye jiki kabla ya kuosha. Ya tatu ni hii: hata uoshe vipi, molekuli chache za kiolezo hubaki zimefukiwa ndani ya polima na hutoka polepole baadaye. Ukiwa unatafuta nanomola 0.32, uvujaji huo unakudanganya. Unapima sumu uliyoiweka mwenyewe.

Kwa hiyo tunatumia kiolezo mbadala, molekuli inayofanana na aflatoksini lakini si yenyewe. Inayotumika sana ni 5,7-dimethoksikumarini. Ina ile sehemu ya kumarini, kama upande mmoja wa aflatoksini. Tundu linakuwa dogo kidogo na haliishiki B1 kwa ukamilifu, hiyo ni hasara, lakini ikivuja haikuletei sumu ya uongo. Mimi nilihamia huko baada ya ile miezi minne.

Kuhusu foleni: tafuta CheapStat. Ni muundo wa wazi wa potensiostati uliotolewa 2011 na watu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, vipuri vyake wakati ule havikufika dola 80. Mwenye mkono wa kulehemu saketi anaiunda. Kwa kujifunza mizunguko ya volti inatosha kabisa.

#8 Mdau, Nairobi

Umenijibu vizuri ndugu. Ila umeruka unga. Ulisema mkondo unashuka sumu ikiziba tundu. Protini ya mahindi ikilala juu ya elektrodi, si mkondo nao unashuka?

#9 Mleta uzi

Unashuka, na unashuka kuliko kwa sumu. Sikuruka, nilikuwa naogopa kuandika kwa sababu bado sijashinda hapo.

Mjumbe wetu ni kipofu. Hajui njia imezibwa na aflatoksini, mafuta, protini au rangi ya njano. Kwenye bafa safi mstari wangu wa mshuko dhidi ya kiasi cha sumu umenyooka kama rula. Nilipoleta mkamuo wa unga ambao kromatografia ilionyesha hauna sumu, mkondo ulishuka kana kwamba una sumu nyingi. Kama ningekuwa napima kwa mfanyabiashara, ningemtupia mahindi mazuri.

Ninachofanya sasa: kila sampuli inapimwa kwa MIP na NIP pamoja, na nasoma tofauti yao, kwa kuwa uchafu unawapata wote wawili. Nachuja mkamuo kwanza. Halafu sampuli ileile naiongezea sumu ya kiasi ninachokijua na kuangalia kama mstari unapanda kama ulivyopanda kwenye bafa. Kwangu haupandi hivyo, mwinamo wake ni mdogo, na lazima nihesabu kwa mstari wa unga na sio wa bafa. Makala yoyote inayodai kugusa pikomola (elfu moja ya nanomola) huku imepima maji ya maabara peke yake, kwa mahindi haijasema kitu.

#10 Mdau, mfanyabiashara wa nafaka, Kibaigwa

Wakuu, mimi si mwanasayansi, nimefuata uzi kwa sababu ya neno sumukuvu. Tangu Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda Machi 2021, hata kama zuio liliondolewa haraka, wanunuzi wananiuliza cheti. Nina magunia 60. Nikikuletea kiganja cha mahindi unaweza kuniambia kama ni salama? Na mke wangu anauliza: ugali ukiiva si sumu inakufa?

#11 Mleta uzi

Mkuu, nianze na shemeji. Hapana, haifi. Aflatoksini inavumilia joto kupita lile la sufuria ya ugali kwa mbali. Kinachosaidia ni kuchambua kabla ya kusaga: punje zilizovunjika, zilizooza, zenye ukungu, zote nje, na zisipewe kuku wala ng'ombe, maana ng'ombe akila, sumu inaingia kwenye maziwa ikiwa na sura nyingine inayoitwa M1. Kukoboa nako kunapunguza, kwa sababu sumu nyingi hukaa kwenye kiini na pumba. Najua dona ina lishe zaidi, na mimi mwenyewe ndiyo naila, lakini kwa mahindi yenye shaka bora sembe.

Sasa kiganja. Hapa hata kihisi kikamilifu kingekuangusha. Kuvu haimei sawasawa gunia zima. Zimewahi kupimwa punje moja moja za mahindi zenye zaidi ya ppb 400,000. Punje ya gramu 0.3 yenye sumu hiyo ina mikrogramu 120. Ukiisaga ndani ya kilo 12 za mahindi safi, kilo zote 12 zinafika ppb 10. Punje moja! Kiganja chako kikiikosa, nitasema mahindi ni safi. Kikiikamata, nitasema ni sumu tupu. Na yote mawili yatakuwa uongo kuhusu magunia 60.

Ulaya, kwa shehena ya nafaka ya tani 50 na zaidi, utaratibu uliotumika kwa miaka mingi ni kuchota mara 100 kutoka sehemu mbalimbali na kukusanya kilo 10. Kwako fanya hivi: chukua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia na kutolea nafaka, piga kila gunia, juu, katikati na chini, usiruke hata lile lililo nyuma ukutani. Kusanya zote kwenye turubai moja. Zisagwe zote, sio nusu, mashine ikiwa imesafishwa kwanza. Changanya unga vizuri, ndipo uchote kilo moja uniletee. Mimi nitaupima kwa kihisi changu kwa ajili ya utafiti, lakini jibu la cheti upate kwenye maabara yenye ithibati na kromatografia. Changu bado hakijafikia kuandikiwa cheti.

#12 Mdau, Nairobi

Hapo kwa sampuli umesema kile tunachokirudia kazini kila siku. Ukimaliza, weka hapa majibu ya kihisi na ya kromatografia sambamba, hata kama hayakubaliani. Nitakutumia mabaki ya unga wetu tulioupima tayari, nambari zimefichwa, uone kama unazipata bila kujua.

#13 Mleta uzi

Nakubali, ndugu yangu. Tuma kumi, na baadhi ziwe safi kabisa bila kuniambia zipi.

#14 Mdau, mfanyabiashara wa nafaka, Kibaigwa

Nimeelewa. Bambo ninalo, na mwenye mashine ya kusaga ni jirani yangu. Magunia ya nyuma yamebanwa na mengine, itabidi niyatoe nje yote. Jumamosi asubuhi naanza, nikimaliza kusaga nakupigia.

#15 Mleta uzi

Sawa mkuu. Ukiyatoa, angalia na sakafu chini yake kama ina unyevu. Gunia lililogusa simenti yenye unyevu, lipige bambo mara mbili zaidi, na uandike ni lipi.